Fizi zinavuja, jino linauma, meno yanakufa ganzi: kutafuta chanzo kwenye sahani na kikombe

Mtu akiona damu kwenye mswaki huuliza ale nini. Swali ni zuri, ila linakuja mapema mno. Chakula hujenga ufizi na kulinda jino, lakini hakuna tunda wala mboga inayoziba tundu lililokwisha kutoboka, na hakuna inayobandua ukoga ulioganda kuwa jiwe. Ndiyo maana hapa tunaanzia kwenye dalili, tunatafuta kinachoisababisha, kisha ndipo tunagusa sahani.

Hali zisizosubiri mwongozo wowote

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- Uvimbe wa jino unaoshuka chini ya taya au shingoni, au unaopanda hadi jicho kufumba.
- Kushindwa kumeza mate, kufungua mdomo au kupumua vizuri.
- Homa pamoja na uso kuvimba.
- Damu ya kinywani isiyokoma baada ya kuikandamiza kwa kitambaa safi dakika 30.
- Mtoto mdogo aliyedhoofu, hasa aliyetoka kuugua surua, mwenye ufizi uliooza au wenye rangi ya kijivu, unaonuka vikali, na shavu limeanza kuvimba. Hiyo inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso ndani ya siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele Desemba 2023. Ukianza kutibiwa siku za mwanzo, dawa za kawaida pamoja na lishe huuzuia, ukicheleweshwa huua.

Ukaguzi wa dakika 10

Simama mbele ya kioo na tochi ya simu. Vuta midomo, kisha mashavu. Usitishwe na rangi: fizi nyeusi au zenye mabaka ya kahawia ni maumbile ya wengi wetu, si ugonjwa. Angalia umbo. Ufizi mzima umeshika jino sawasawa na ncha zake kati ya meno ni kali; ufizi mgonjwa umevimba, unang'aa, ncha zimekuwa butu. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini ya mbele. Ukihisi kitu kigumu chenye mikwaruzo, huo ni ukoga ulioganda.

Halafu chukua karatasi. Kwa siku 3 andika kila kinachoingia kinywani isipokuwa maji meupe, na saa yake. Usiandike kiasi, andika mara ngapi. Karatasi hiyo utaihitaji karibu kila sehemu hapa chini.

Dalili: fizi zinavuja damu ukipiga mswaki au ukila

Sababu, kuanzia inayotokea sana:

1. Ukoga laini kwenye mstari ambapo jino linakutana na ufizi. Hii ndiyo sababu ya wengi mno. Vijidudu vilivyomo kwenye utando huo huuchokoza ufizi, nao unavimba na kuvuja.
2. Ukoga ulioganda. Mswaki hauutoi.
3. Mswaki mgumu, mkaa uliosagwa, chumvi ya mawe, au kijiti kinachochokonolewa kati ya meno mpaka nyama inachubuka.
4. Ujauzito. Homoni hufanya ufizi uvimbe kwa ukoga kidogo tu.
5. Dawa. Amlodipine na nifedipine za shinikizo la damu, na phenytoin ya kifafa, huweza kukuza ufizi hadi ukafunika jino. Dawa za kuzuia damu kuganda huongeza uvujaji.
6. Upungufu wa vitamini C.
7. Kisukari kisichodhibitiwa, VVU visivyotibiwa, na mara chache saratani ya damu.

Upungufu wa vitamini C uko chini kwenye orodha kwa sababu watu wengi huuweka juu. Wanakula machungwa wiki nzima, damu inaendelea, wanakata tamaa, na ukoga bado uko palepale. Wengine wanaacha kupiga mswaki sehemu inayovuja ili isiumie. Ukoga unazidi, damu inazidi.

Anza hivi. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Lalisha nywele za mswaki ziwe zinaelekea kwenye ufizi, kama nyuzi 45, na uzungushe kidogo kidogo bila kusugua kwa nguvu. Dakika 2, mara 2 kwa siku, mojawapo ikiwa ya mwisho kabla ya kulala. Mara moja kwa siku pitisha uzi wa meno. Mswaki wa mti unafaa pia ukitafunwa hadi nyuzi zilainike na ncha ikakatwa kila siku au mbili. Kasoro yake ni kwamba wengi husugua meno ya mbele tu na kuyasahau magego na upande wa ndani. Siku za kwanza damu itatoka, usiache. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku 7 na kukoma kufikia wiki 2.

Kusukutua kwa maji ya chumvi kunatuliza: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sekunde 30, kisha tema. Hakuchukui nafasi ya mswaki.

Sasa chakula. Mtu mzima anahitaji takribani miligramu 75 hadi 90 za vitamini C kwa siku, na mvutaji sigara aongeze 35. Pera moja la wastani hutoa zaidi ya miligramu 100. Chungwa moja hutoa karibu 70. Kipande cha papai cha gramu 150 hutoa kama 90. Pilipili hoho mbichi na kabichi mbichi ya kachumbari ni vyanzo vizuri pia, na unga wa ubuyu mtupu (si zile mbegu za rangi zilizokaangwa na sukari) unao mwingi. Vitamini hii huharibika kwa moto na huyeyukia kwenye maji. Mchicha uliochemshwa nusu saa na maji yake kumwagwa umebaki nayo kidogo sana. Katakata mboga karibu na wakati wa kupika, weka maji kidogo, funika, epua ikiwa bado kijani.

Nani ashuku upungufu wa vitamini C kweli? Mtu aliyeishi mwezi mmoja hadi mitatu kwa ugali na maharage makavu, au chai na mkate, bila tunda wala mboga mbichi: mzee asiye na meno ya kutafunia, mlevi asiyekula, mtu aliye kambini kwa mgawo wa chakula kikavu. Kwake fizi huwa za zambarau na kuvimba kama sponji, vidonda haviponi, ngozi ina vidoadoa vya damu kwenye vinyweleo, miguu inauma. Huyo aende hospitali. Tunda pekee lisimcheleweshe.

Kosa moja linaumiza wengi: kupaka ndimu kwenye fizi zinazovuja. Vitamini C inafanya kazi ikipitia tumboni na kwenye damu. Ndimu iliyopakwa inaunguza ufizi na kuyeyusha jino.

Simama na umwone daktari wa meno kama damu haijakoma baada ya wiki 2 za mswaki sahihi, kama ulihisi ukoga mgumu, meno yanalegea, au usaha unatoka ukibonyeza ufizi. Usiache dawa ya shinikizo wala ya kifafa kwa uamuzi wako, mweleze aliyekuandikia. Fizi zikivuja zenyewe bila kuguswa, pamoja na michubuko mwilini, uchovu mkubwa au homa, nenda ukapimwe damu wiki hiyohiyo. Mjamzito anaweza kusafishwa meno salama; asisubiri kujifungua.

Dalili: jino linauma ukila kitamu, au kuna tundu

Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi ndani ya dakika chache. Hali ya kinywa ikishuka chini ya pH 5.5 hivi (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imezidi), madini ya jino yanaanza kuyeyuka. Mate huchukua dakika 30 hadi saa nzima kuirekebisha. Hapo ndipo ile karatasi ya siku 3 inapoongea. Chai ya sukari saa 1 asubuhi, andazi na chai saa 4, soda saa 8 mchana, biskuti saa 11 jioni, chai tena saa 2 usiku, na pipi njiani: meno yamekaa kwenye asidi mara 6, na mate hayajapata nafasi ya kutengeneza kilichobomoka.

Kwa hiyo sababu za kawaida zinapangika hivi:

- Mara nyingi mno kwa siku. Soda moja inayonywewa kidogo kidogo kwa saa 3 dukani inaharibu kuliko ileile iliyonywewa na chakula cha mchana.
- Vinavyonata. Kashata, tofi, ubuyu wa sukari, tende, visheti, biskuti na krispi huganda kwenye mashimo ya magego. Krispi huwadanganya watu kwa sababu zina chumvi, lakini wanga uliokwama hugeuka sukari mlemle kinywani.
- Kula au kunywa kitamu baada ya mswaki wa usiku. Ukilala mate hupungua, na sukari inabaki na meno hadi asubuhi.
- Sukari isiyohesabiwa: juisi ya nyumbani, asali, sukari guru, dawa ya kikohozi ya maji.
- Kinywa kikavu (tazama chini).

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari hizi zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ziwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni takribani gramu 50, na lengo bora gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Soda ya kola ya mililita 350 peke yake ina karibu gramu 37. Vikombe 4 vya chai vyenye vijiko 3 kila kimoja ni gramu 48. Asali na juisi ya matunda vimo kwenye hesabu hiyo, hata juisi ya embe isiyoongezwa kitu. Tunda zima halimo.

Marekebisho, kwa mpangilio wa faida:

1. Punguza mara, kabla hujahangaika na kiasi. Lenga nyakati 4 za kula kwa siku, na kati yake maji meupe. Ukitaka kitamu, ukile mara tu baada ya mlo, si peke yake saa moja baadaye.
2. Ondoa sukari kwenye chai kwa ngazi: punguza nusu kijiko kila wiki. Tangawizi, iliki na mdalasini husaidia ulimi kuzoea. Anayetumia vijiko 3 atafika sifuri ndani ya wiki 6.
3. Badili cha katikati ya siku. Karanga za kuchoma, korosho, yai la kuchemsha, tango, karoti, mtindi usio na sukari. Karoti na tango huongeza mate kwa kutafunwa. Havisafishi jino kama mswaki.
4. Maliza mlo kwa maziwa au mtindi mtupu. Glasi ya mililita 250 ya maziwa ina karibu miligramu 300 za kalisi, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, ufuta na sukuma wiki huziba pengo. Mchicha una kalisi lakini mwili hunyonya kidogo, kwa sababu ya asidi iliyomo ndani yake.
5. Ukimaliza mswaki wa usiku, tema povu na usisukutue kwa maji. Floridi inayobaki ndiyo inayorudisha madini.

Tazama namna jino linavyouma, maana huonyesha ubovu umefika wapi. Maumivu yanayokuja na kitamu au baridi na kuondoka sekunde chache baadaye: bado mapema, lizibwe sasa. Maumivu yanayoganda dakika nzima, yanayochochewa na moto, au yanayokuamsha usiku: kiini cha jino kimeguswa. Maumivu makali yaliyokoma ghafla yenyewe: usifurahi, huenda kiini kimekufa, na jipu litafuata.

Doa jeupe lililofifia kama chaki, bila tundu, linaweza kukomazwa tena kwa floridi na kupunguza sukari. Tundu haliwezi. Nenda kwenye kliniki ya kinywa na meno likiwa dogo. Kuziba ni rahisi na nafuu kuliko kusafisha mzizi, na jino lililong'olewa halirudi.

Wakati unasubiri, mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Tone moja la mafuta ya karafuu kwenye pamba, likigusa jino tu, hutuliza kwa muda. Likimwagikia ufizi linauunguza, na watoto wadogo wasipewe. Usiweke aspirini kwenye jino, wala maji ya betri, wala tumbaku. Usinunue antibayotiki dukani kwa kukisia: hata zikituliza uvimbe, chanzo bado kiko ndani ya jino.

Dalili: meno yanakufa ganzi kwa baridi, ndimu au upepo

Jiulize kwanza: ni jino moja au mengi? Likiwa moja, shuku tundu au ufa na urudi sehemu iliyopita. Yakiwa mengi, sababu kubwa ni hizi.

Asidi ya vyakula na vinywaji. Ndimu na limau, ukwaju, mabungo, embe mbichi na chumvi, siki, soda, vinywaji vya kuongeza nguvu. Soda isiyo na sukari haina sukari kweli, lakini asidi yake ni ileile. Alama zake: ncha za meno ya mbele zinaonekana kama kioo, meno yanakuwa ya njano, na juu ya magego kunakuwa na vishimo kama vikombe.

Ufizi uliorudi nyuma kwa kusugua. Utaona mkato kama wa shoka karibu na ufizi, hasa kwenye chonge na meno ya jirani, mara nyingi upande ulio kinyume na mkono unaoshika mswaki.

Asidi ya tumbo. Kiungulia cha muda mrefu au kutapika mara kwa mara hula meno ya juu upande wa ndani, mahali ambapo soda haifiki kirahisi.

Marekebisho si kuacha matunda. Uyale pamoja na mlo, uyamalize, usiyanyonye kutwa. Anayekunywa maji ya limau kila asubuhi ayaache au ayanywe na chakula. Ukimaliza kitu kichachu sukutua kwa maji meupe au kunywa maziwa, na usipige mswaki kwa dakika 30 hadi 60, kwa sababu gamba la jino limelainika na mswaki utalikwangua. Mjamzito anayetapika asukutue kwa kijiko kimoja cha chai cha magadi ya unga ya kuokea kwenye glasi ya maji, kisha asubiri vilevile. Dawa ya mswaki iliyotengenezwa kwa meno yenye ganzi itumie mfululizo wiki 2 hadi 4 kabla ya kusema haifai. Paka kidogo kwa kidole kwenye jino linalosumbua kabla ya kulala.

Ganzi ikizidi wiki 4, au ukiona rangi ya njano iliyokolea katikati ya gego, mwone daktari wa meno. Anayetapika kila mara au mwenye kiungulia kila wiki aanzie kwa daktari wa kawaida.

Dalili: madoa meupe au ya kahawia kwenye meno

Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, na ng'ambo kule Nakuru na Baringo, swali hili huulizwa kila siku, na watu wengi wameaibishwa bure kwamba hawapigi mswaki. Tofautisha hivi.

Madoa ya floridi ya maji hutokea kwa jozi: jino la kulia na mwenzake wa kushoto yanafanana. Jino limeota nayo. Mistari ni myeupe kama chaki, au ya kahawia kama kutu. Kuoza kwa mwanzo hukaa karibu na ufizi, palipolala ukoga, na hakufuati jozi. Madoa ya chai na tumbaku yako juu tu, na daktari huyasafisha. Ukanda wa kijivu au kahawia unaokata meno yote kwa urefu uleule unaweza kutokana na tetrasaiklini, aina ya antibayotiki, aliyopewa mtoto au mama mjamzito.

Floridi kidogo huimarisha jino. Ikizidi wakati jino linajengwa ndani ya taya, tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, huliharibu. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka hapo kwa mbali.

Jikoni mkosaji asiyeshukiwa ni magadi ya mawe. Yanayochimbwa ukanda huo huwa na floridi, na ndiyo yanayolainisha maharage na makande ya nyumba nzima, mtoto wa mwaka mmoja akiwemo. Yaache. Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Yatachukua muda zaidi kidogo, basi.

Kuchemsha maji hakutoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi inabaki na kukolea. Kinachofaa ni maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi, chanzo kingine kilichopimwa, au chujio la mkaa wa mifupa, ambalo lazima libadilishwe kwa wakati maana likishiba halichuji tena. Ulizia mamlaka ya maji ya eneo lako kuhusu kipimo cha kisima. Kama maji salama ni machache, wape kwanza watoto wa chini ya miaka 8, kwa kunywa, uji na chai. Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno hata kama mama anakunywa maji hayo, mnyonyeshe.

Kwa mtu mzima mwenye madoa tayari, chakula hakiwezi kuyafuta. Usisugue kwa mkaa, majivu wala limau. Daktari wa meno ana njia za kuyafifisha au kuyafunika.

Dalili: meno ya mbele ya mtoto yanaoza na kumeguka

Kama ni manne ya juu na ya chini yako salama, chanzo karibu kila mara ni chupa. Mtoto amelala na maziwa yenye sukari, chai au juisi mdomoni; ulimi unakinga meno ya chini, ya juu yanaogelea. Mstari mweupe kando ya ufizi ndio mwanzo wake, kwa hiyo inua mdomo wa juu wa mtoto kila mwezi utazame.

Kitandani ni maji tu. Kama amezoea utamu, zimua maziwa yale kwa maji kila usiku zaidi, ndani ya wiki 1 hadi 2. Kuanzia mwaka mmoja mpe kikombe. Usiweke sukari kwenye uji: ndizi mbivu iliyopondwa au maziwa yanatosha, na asali isimfikie kabisa kabla ya mwaka mmoja. Akinywa dawa tamu ya maji, afuatishe maji. Mswaki unaanza na jino la kwanza: dawa ya floridi kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha kiasi cha punje ya njegere. Karanga nzima zingoje hadi miaka 5, zinaweza kumkaba.

Meno ya utoto si ya kupuuzwa eti yatang'oka. Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12 na ndiyo yanayoshikilia nafasi ya meno ya ukubwani.

Onyo moja tena. Mtoto anayeharisha au mwenye homa, ukaambiwa ana "meno ya plastiki" yanayotakiwa kung'olewa: usikubali. Vile vinundu vyeupe ni meno halisi ambayo bado hayajaota. Kuyachokoa kumeua watoto kwa damu na maambukizi. Mpe maji ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji na umpeleke kituo cha afya.

Dalili: kinywa kikavu, harufu mbaya

Kitunguu na dagaa hunuka saa chache kisha basi. Harufu ya kudumu hutoka zaidi kwenye ulimi usiosafishwa, fizi mgonjwa, tundu lenye chakula, na kinywa kikavu. Sugua ulimi kuanzia nyuma, angalia fizi kama ilivyoelezwa juu, kunywa maji, tafuna bigijii isiyo na sukari dakika 20 baada ya mlo. Pipi za mnanaa zenye sukari zinaficha harufu na kuongeza matundu. Dawa nyingi za mzio, shinikizo na msongo hukausha mate; mweleze daktari. Miraa hukausha pia, na soda ya kuishushia ndiyo inayomaliza meno karibu na ufizi.

Mwezi wa Ramadhani shida mara nyingi iko baada ya magharibi: tende, kaimati, tambi za sukari na juisi vinaliwa kwa vipande hadi daku. Vitamu viwe pamoja na futari, kisha maji tu. Mswaki upigwe kabla ya kulala na tena baada ya daku.

Kinywa kikavu chenye kiu kali na kukojoa sana, pima sukari ya damu.

Dalili: uvimbe mahali pamoja, au jino limemeguka ukila

Tafuta kilichokwama kwanza: ganda la bisi au la mahindi ya kuchoma, mfupa wa samaki, nyuzi za embe, nyama ya mshikaki. Pitisha uzi wa meno polepole pande zote mbili, sukutua kwa maji ya chumvi. Usitumie pini wala wembe. Kikitoka, uvimbe hushuka ndani ya siku 1 au 2. Usiposhuka ni jipu, au ni gego la mwisho linaloota chini ya ufizi, na yote mawili ni kazi ya daktari.

Jino lililomeguka kwa jiwe la kwenye maharage au kwa kufungua chupa lionwe ndani ya siku chache, hata kama haliumi. Kama kuna kidoa chekundu katikati, liwahi siku hiyohiyo. Chagua mchele na maharage mwangani, kisha upembue.

Dalili: vidonda, pembe za mdomo kupasuka, pilipili kuchoma kuliko zamani

Pembe zilizopasuka hutokana na kulamba midomo, fangasi (hasa kwa wenye meno ya bandia), au upungufu wa madini ya chuma na vitamini B. Maharage, dagaa, mayai, maziwa na mboga za majani husaidia, na chai inywewe saa moja mbali na mlo kwa kuwa huzuia chuma kunyonywa.

Kwa anayetafuna tambuu, iwe Mombasa, Lamu au Unguja: popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani yake, imethibitishwa kusababisha saratani, hata bila tumbaku ndani yake. Jaribu kuingiza vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia kama zamani, mashavu yakawa magumu na pilipili inaunguza, acha leo na umwone daktari wa kinywa wiki hii. Na kidonda chochote, doa jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki 2, kwa mtafuna tambuu, mvuta sigara, mla ugoro au asiyetumia chochote, lichunguzwe hospitali, hata kama haliumi.